Chini Kidogo, Kushoto Kidogo

Kambi ya Mto Larkin,
Alaska,
Jumanne jioni.

Mpwa wangu mpenzi Maren,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mama yako pia, pamoja na goti lake. Mwambie dada yangu kwamba huku theluji imekwisha na mbu wameingia. Mwaka huu ni wakubwa mno. Juzi mmoja alitua gatini, na rubani akaanza kumjaza mafuta akidhani ni ndege yake. Mimi sijambo. Nakula vizuri, nakata kuni kama kijana, nalala kama gogo. Hapo kwenye kulala nimekudanganya. Silali, na ndiyo sababu nimeshika kalamu, mimi ambaye shule niliiacha kabla haijanizoea.

Bosi wetu Haskell ameniambia kwamba umepata kazi ya kuhesabu samoni kwenye uzio wetu wa mtoni, na kwamba unakuja na ndege ya Alhamisi. Alinipiga bega akasema, "Bahati gani hiyo, Orrin! Mtoto atalindwa na damu yake mwenyewe." Maana mlinzi wa dubu hapa ni mimi. Wewe utakaa kwenye ubao katikati ya mto, macho majini, ukibonyeza kihesabio kila samaki anapopita. Mimi nitasimama ukingoni nyuma yako na rivolva, ile bastola yangu kubwa, kifuani. Dubu hawakuhusu. Hata ukisikia matawi yanavunjika hutakiwi kugeuka, kwa sababu ukigeuka samaki wanapita bila kuhesabiwa. Nimemwomba rubani akupe barua hii mkononi kabla hujapanda. Isome yote, mwanangu, hata kama mwandiko unapanda mlima.

Rivolva yenyewe umeshaisikia. Hakuna kubwa kama hiyo kuanzia hapa hadi baharini. Risasi yake ni nene kama kidole gumba changu, na mlio wake unaangusha matone ya mvua kabla ya wakati wao. Nimewaambia watu kwamba ukimpiga dubu nayo, dubu aliye nyuma yake anaomba radhi. Pale dukani nikianza kuisimulia, watu huacha kununua.

Sasa mwezi uliopita nilianza kujiandaa kwa jaribio la walinzi. Kila mwaka kabla ya msimu, Haskell anatundika sahani ya karatasi, hizi za kulia chakula, na kila mlinzi anapiga risasi tano. Zote zikae ndani ya sahani, la sivyo anapewa kazi ya kuosha masufuria. Nikaenda kwenye shimo la kokoto nyuma ya duka la Verna Tollefsen. Huyu ni mjane anayeuza misumari na nyavu, na ndiye anayetengeneza bunduki za kijiji kizima. Yeye ni mlinzi wa akiba pia. Nikatundika sahani, nikapiga tano. Sahani ikabaki nyeupe kama ilivyotoka dukani. Verna alitoka na kikombe chake cha kahawa, akaikagua mbele na nyuma, akaniuliza kama nilikuwa naitisha tu.

Nilimwambia bastola ni mgonjwa. Inapiga chini kidogo, kushoto kidogo, na wakati mwingine chini sana. Verna akasema basi ilazwe tuipime. Akaanza na kilengeo cha nyuma, akakuta skrubu yake imelegea kwa mateke ya bastola inaporuka nyuma. Akaikaza, akaitia tone la gundi. Nikapiga tena: chini, kushoto. Akachungulia mtutu, akakuta utando wa madini ya risasi umeganda ndani, akausugua kwa waya wa shaba mpaka ukang'aa. Chini, kushoto. Akaingiza ufito mtutuni kuona kama vyumba vya silinda vinakaa sawasawa na mtutu. Vilikaa sawa. Akapima risasi zangu nilizojaza mwenyewe na kukuta sikuzibana vizuri shingoni, zinachomoka taratibu kila mwenzao anapolipuka. Aliniambia siku moja risasi itatokeza na kuzuia silinda isizunguke, dubu akiwa mezani tayari. Akanipa za kwake. Nikapiga. Chini, kushoto.

Nikasema mtutu umepinda kiwandani. Verna aliweka kikombe chini. Aliichukua, mwanamke ambaye uzito wake haufiki gunia la unga, akapiga tano. Matundu yote ungeyafunika kwa kikombe chake. Nikasema, "Hiyo ni bahati." Akasema, "Bahati mara tano, Orrin? Basi nikacheze kamari."

Kisha akanipa mgongo, akaijaza, akanirudishia akisema nipige nyingine taratibu, yeye atasimama ubavuni. Sikujua kwamba amechanganya maganda matupu na risasi nzima. Ya kwanza ililia. Ya pili nilivuta, nyundo ikaanguka, tak, hakuna mlio wala teke. Lakini Maren, mtutu ulizama. Uliinama chini kushoto kama bata anayetafuta chakula matopeni, na hakuna kilichoupiga isipokuwa mkono wangu mimi. Nilipofungua macho ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimeyafumba.

Hakucheka, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu Verna hucheka hata mazishini. Alisema bastola ni nzima kuliko mimi. Mwili wangu unaliogopa teke lake, unaliwahi kabla halijaja, na kumwambia mtu asiogope hakusaidii. Dawa ni moja: kurudi nyuma. Alinitengenezea risasi za nusu baruti, laini, zinazolia kama mtu anayekohoa kanisani. Alisema nipige hizo tu kila siku mpaka mkono usahau, kisha tuongeze baruti kidogo kidogo. Akasema huenda msimu wote ukapita, na kwamba nimweleze Haskell.

Unajua kovu la paji langu la uso, lile ninalosema ni la ukucha wa dubu? Ni bastola hiyo hiyo iliyorudi na kunipasua vuli iliyopita nilipokuwa peke yangu. Tangu siku hiyo nikiishika viganja vinaloa.

Haskell sikumweleza. Siku ya jaribio nilijaza zile risasi laini, za dawa, nikapiga sahani yake. Tano ndani! Haskell alishangilia, akanifunga mkanda wa rivolva kifuani yeye mwenyewe. Verna hakuwepo, alikuwa amekwenda kupokea mzigo wa nyavu. Nami jioni hiyo nilisimulia vile nilivyopiga mpaka sahani ikawa kijisahani cha chai.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Jumapili asubuhi nilikuwa peke yangu kwenye uzio. Nilikuwa na risasi za baruti kamili, kwa sababu zile laini hazimzuii dubu, zinamkasirisha tu. Dubu jike akatoka kwenye vichaka vya ng'ambo na mtoto wake, akaingia majini. Nilipiga kelele, nikapiga makofi. Akasimama kwa miguu ya nyuma akinusa, kisha akashuka na kuanza kuja, hakukimbia, alikuja tu kama mtu anayevuka barabara ya kwao. Nikatoa rivolva nipige mbali na kichwa chake, kumtisha. Nilikumbuka yote aliyonifundisha Verna. Nikavuta. Macho yalijifumba yenyewe.

Mlio ulimtisha, nashukuru, akageuka na mwanawe wakapotea. Haskell alikuja mbio akakuta maji yametulia na mimi nimesimama. Akaniita simba wa Mto Larkin. Leo kijiji kizima wananiita hivyo.

Alipoondoka nilikwenda kutafuta risasi ilipokwenda. Haikwenda majini wala ng'ambo. Ilikwenda chini, kushoto. Iko kwenye ubao wa kuhesabia, Maren, katikati kabisa, mahali ambapo mtu anakaa. Tundu linaingia kidole gumba changu. Ubao ulikuwa mtupu. Nimeweka ndoo juu yake, na kila mtu anaizunguka ndoo hiyo bila kuuliza, na tangu Jumapili nikifumba macho nakuona wewe umekaa pale na kihesabio mkononi, umenipa mgongo kama ulivyoagizwa.

Dubu siwaogopi kiasi hicho. Najiogopa mimi mwenyewe.

Nimejiapiza nitamweleza Haskell kesho kabla ya kifungua kinywa. Jana nilijiapiza hivyo hivyo. Nilifika mpaka mlangoni kwake, akanikaribisha, akasema, "Ingia simba, wape wageni ile ya Jumapili." Nikawapa. Nikamfanya dubu awe mrefu zaidi. Mdomo wangu nao ni kama mkono wangu, unatangulia kabla sijaamua.

Kwa hiyo nakuomba hivi, nami sijawahi kukuomba kitu. Ndege ikitua, usishuke. Chungulia kwanza dirishani. Ukiona mkanda wa rivolva uko kifuani kwa Verna, mwanamke mfupi mwenye kofia nyekundu, shuka mwanangu, uje nikukumbatie, nami nitaosha masufuria msimu mzima na kukupikia. Ukiuona kifuani kwangu, hata nikicheka, hata nikikupungia mikono yote miwili, hata nikikuita kwa jina la utotoni, mwambie rubani akurudishe kwa mama yako.

Wasalimie wote wanaoniulizia hapo nyumbani, mkubwa kwa mdogo. Mungu akutunze njiani.

Ni mimi mjomba wako akupendaye,

Orrin Skaare