Siku Walipolifuta Jina la Elibariki

Bariadi, Jumamosi jioni, Novemba.

Mawingu yametanda tangu asubuhi na hayajaleta kitu. Ng'ambo ya barabara watu wameshalima mashamba ya pamba, wanasubiri mvua ndipo wapande. Mimi nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Jasho limenikaukia, chumvi inaniwasha shingoni. Mashindano yameisha tangu mchana na bado sijaoga.

Sina hata hamu ya kuoga.

Kwa anayefika hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Minza, mwalimu wa shule ya msingi, na zamani nilikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano. Sikuwa na jina kubwa. Nilianzia kwetu Zagayu, tukishindana wasichana kwa akina mama, kwa baiskeli zilezile tulizobebea maji. Baadaye gari likanigonga karibu na Lamadi. Mifupa iliunga. Kilichokataa kupona ni sikio, kule ndani kabisa, panapomfanya mtu asimame wima. Nikipanda baiskeli barabarani, dunia inainama upande mmoja na mimi nainama nayo. Daktari alisema niachane na barabara, nami nikaachana nayo.

Kaka yangu Shija ndiye aliyeniletea mashine. Aliipata Mwanza kwa Mzungu aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Unatoa gurudumu la nyuma, unafunga baiskeli juu ya mashine, na hapo haiendi popote wala haianguki. Mashine inapima nguvu unayosukuma na kuipeleka kwenye kompyuta. Kwenye skrini yuko mtu mdogo ambaye ndiye wewe, anaendesha kwenye barabara za kuchorwa pamoja na watu wengine, na hao wengine ni wa kweli, kila mmoja yuko nyumbani kwake huko duniani. Mlima ukianza, pedali zinakuwa nzito. Ukijificha nyuma ya mwenzako upepo usikupige, zinakuwa nyepesi. Kama barabarani kabisa.

Siku ya kwanza mama yangu, ambaye naishi naye, alisimama mlangoni akanitazama.

"Minza, unakwenda wapi?"

"Siendi popote, mayu."

"Sasa mbona jasho lote hilo?"

Nikaangua kicheko. Nilikuwa sijawahi kucheka juu ya baiskeli tangu Lamadi.

Huko ndani watu wamegawanywa makundi manne, A mpaka D, ili mwenye nguvu asimwonee mnyonge. Mimi nilikuwa C, na ndiko nilikomkuta Elibariki. Jina lake lilikuwa na bendera yetu pembeni, nikamwandikia salamu, akanijibu kwa Kiswahili. Ni mtunza ghala Arusha, mtu wa kilo tisini na zaidi. Alianza kuendesha baada ya kuambiwa ana sukari. Hatujawahi kuonana. Lakini kila Jumamosi tulipigiana simu, tukaiweka mezani kwenye spika, tukaendesha pamoja. Kwenye tambarare mimi nilijificha nyuma yake. Mlimani nilimsubiri.

Sikuhitaji zaidi ya hapo.

Kisha siku moja mashindano yakawa ya milima mitupu, na mimi nikawa wa kwanza katika C. Nilipiga picha ya skrini nikamtumia Shija. Elibariki alinipigia makofi mpaka simu ikakoroma. Wiki iliyofuata nilipotaka kujiandikisha, mlango wa C ulikuwa umefungwa kwangu. Hongera, umepandishwa kundi B.

Ngoja nieleze kinachoniumiza, maana hata Shija hakukielewa haraka. Programu inachukua nguvu yako na kuigawa kwa kilo zako. Mimi nina kilo arobaini na nane, kwa hiyo nguvu yangu ndogo ikigawanywa kwa mwili wangu mdogo, inaonekana kubwa. Mlimani hesabu hiyo ni ya kweli. Lakini kwenye tambarare upepo haujali una kilo ngapi. Unataka nguvu yote, jumla, na kwa jumla Elibariki wa kundi C ananizidi mbali sana. Tukishindana sisi wawili kwenye barabara iliyonyooka, ananiacha bila hata kusimama kwenye pedali. Hata hivyo mimi ndiye wa juu yake. Nimewekwa na watu ambao hata yeye wangemwacha.

Na mashindano mengi ni ya tambarare.

Basi tangu nipandishwe hali ni hiyohiyo. Kipenga kinalia, wote wanaondoka, nasukuma mpaka naona giza, kundi linakatika mbele yangu, na muda uliobaki naendesha peke yangu kwenye barabara ya kuchorwa. Niliwaandikia waandaaji. Walinijibu kwa adabu kwamba sheria ni moja kwa wote. Ni kweli, ni moja kwa wote. Nami sina budi kusema kwamba siku ile ya milima nilipowaacha wenzangu wa C, wapo wanene walioachwa wakihema, na sikuwauliza kama wameona haki.

Elibariki alinishauri niendeshe polepole wiki kadhaa ili nirudishwe chini. Nilijaribu mara moja. Unakaa juu ya baiskeli unaizuia miguu yako mwenyewe, huku watu wengine wanapambana kikweli. Nilishuka kabla ya mwisho.

Leo sasa.

Njia ya leo ilikuwa tambarare ndefu, halafu mlima wa pole unaopanda mpaka kwenye mstari. B tulianza mbele, C wakafuata baada ya dakika chache. Kona ya kwanza haijaisha, B wenzangu walikuwa wameshatoweka. Nikabaki natazama lami ya kijivu na miti isiyotikisika. Kisha simu iliyokuwa mezani ikapasuka kwa sauti.

"Mwalimu! Nakuona! Tuko nyuma yako, ingia!"

C walikuwa wamenifikia. Nikaona jina lake, nikajitosa nyuma yake, na pedali zikawa nyepesi ghafla. Walikuwa walewale wa siku zote, majina yote nayajua. Elibariki alikuwa anahema na kunisimulia jinsi mkewe alivyokwenda sokoni na kumwachia sufuria jikoni aichungulie, na maharage sasa hivi yanaungua. Nilicheka mpaka nikakosa pumzi. Mama alipita na ndoo, akatikisa kichwa.

Mlima ulipoanza, Elibariki akaanza kurudi nyuma. Niliisikia pumzi yake ikibadilika. Wawili walishampita.

"Niache, dada. Nenda zako."

"Siendi. Kaa nyuma yangu. Tazama gurudumu langu tu, usitazame wengine."

Nilimvuta. Mlima ulikuwa wa pole, kwa hiyo kujificha nyuma yangu kulimsaidia. Nilipunguza pale alipochoka, nikaongeza alipopata nafuu. Tukampata wa pili, tukampata wa kwanza. Karibu na mstari nikampigia kelele atoke nyuma yangu, akatoka, akapita.

Elibariki wa kwanza, kundi C. Mtu ambaye hajawahi kuwa hata wa kumi.

Mkewe alikuwa amesharudi. Nilimsikia akipiga vigelegele, na Elibariki akirudia, "Mimi! Mimi mwenyewe!" Nilikuwa nimelalia usukani, mate yananidondoka, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuiandika.

Nilijua watu wa makundi tofauti hawaruhusiwi kusaidiana? Nilijua. Kule mlimani sikulifikiria kabisa. Nilikuwa na rafiki aliyekuwa anachoka, basi.

Mmoja wa wale tuliowapita alilalamika. Akaandika mbele ya wote kwamba mtu wa B ameshuka kuwaharibia mashindano wa C, na kwamba nione aibu. Hazikupita dakika nyingi jina la Elibariki likafutwa. Halikushushwa nafasi, lilifutwa, kana kwamba hakuendesha. Langu waliliacha pale pale. Wa mwisho, kundi B.

Nikampigia. Alichelewa kupokea.

"Mke wangu ameshawapigia ndugu zake wote," alisema. "Nimwambieje sasa?"

"Nitawaandikia. Nitawaambia kosa ni langu, wewe uliniambia niende."

"Uliwaandikia hata juzi, dada. Walikusaidia nini?"

Nikaizima skrini.

"Mimi sikulaumu," akasema. "Lakini Jumamosi ukiniona njiani, wewe pita tu. Usinisemeshe. Na simu tuiache kidogo."

Niliandika hata hivyo. Jibu lilikuja upesi kuliko nilivyotegemea. Wananishukuru kwa kusema ukweli. Matokeo hayabadiliki.

Jioni hii mama ameniletea chai hapa kwenye ngazi.

"Umeshinda?"

"Nimekuwa wa mwisho, mayu."

"Wa mwisho kati ya akina nani?"

"Kati ya watu wanaonizidi nguvu."

"Sasa wamekuweka nao kwa nini?"

Nikaanza kumweleza habari ya nguvu na kilo, jinsi ya kugawanya. Alisikiliza kwa heshima, kama anavyosikiliza mahubiri marefu. Nilipofika katikati nikaona kwamba mimi mwenyewe siamini tena ninachosema, nikaichukua chai. Akanigusa begani akarudi ndani.

Kule Zagayu hatukuwa na makundi. Tulianza wote, na walioachwa waliachwa, na hakuna aliyeiita haki. Lakini wa mwisho alifika akakuta watu. Labda mimi sikuwahi kutafuta haki. Labda nilitafuta watu tu, nikadhani ni kitu kimoja.

Shija amenitumia ujumbe kwamba nisikate tamaa, nifanye mazoezi, niongeze nguvu, nitawazoea B. Anasema kwa upendo. Hajui kwamba nguvu nikiiongeza, kilo zangu ni zilezile, na juu ya B ipo A.

Nimejaribu kufikiria kama nitamwandikia Elibariki. Nimeandika "Shikamoo kaka" nikafuta, maana hatujawahi kuamkiana hivyo, na ingeonekana nimeshakuwa mgeni kwake.

Giza linaingia na mvua haijanyesha. Jumamosi ijayo sijui kama nitaingia. Ninachojua ni kwamba nikiingia nitaingia B, na baada ya kona ya kwanza nitakuwa peke yangu. Na nikisikia C wanakuja nyuma yangu, itabidi nisogee pembeni, nikae kimya, nimwache apite.