Gari la Baba Tulilolivika Nguo Mpya

Mbotela, Nairobi

Kwa Mama yangu mzazi,

Mulembe, Mama. Goti linasemaje? Dada Esta ameniambia unalipaka dawa lakini unakataa kulipumzisha. Sikushangaa, maana tangu lini wewe ukakaa chini na kuna magugu shambani? Sisi huku tu wazima. Mke wangu Rhoda bado anauza mboga pale pale kando ya barabara, na wajukuu wako wanakula kama nzige. Mimi niko Shauri Moyo kila siku na cherehani yangu, nikishona viti vya magari ya watu. Kazi si haba. Mvua tu ndiyo inatutesa, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Utauliza kwa nini naandika barua siku hizi za simu. Mama, simu nilipiga. Nilikupigia nikiwa na neno moja tu la kukuambia, tukaishia kuzungumza juu ya mahindi, na ng'ombe wa jirani, na mchungaji anavyorefusha mahubiri. Halafu ukauliza, "Na Mheshimiwa je, ameshaanza kutengenezwa?" Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao ulikuwa mzima kabisa. Ni mimi niliyeshindwa. Kwa hiyo nimeona heri kalamu, maana kalamu haisikii pumzi ya mtu anayengoja jibu.

Basi nilitoe: Mheshimiwa ameuzwa, lakini hatafufuliwa. Gari la Baba halitatembea tena, na ile safari uliyoahidiwa haipo. Pole sana, Mama. Nisipoyaandika maneno haya mwanzoni nitazungukazunguka tena mpaka karatasi iishe.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana una haki ya kujua.

Unakumbuka Baba alivyokuwa na gari lile. Alimwendesha mkurugenzi wa kiwanda maisha yake yote ya kazi, na yule mkurugenzi aliporudi kwao akamwachia ufunguo. Watu wote wa Mbotela walitoka nje kuona dereva akirudi nyumbani na gari la mkubwa wake, la Kijerumani, rangi ya chai iliyokolea maziwa. Wewe ulifungua mlango wa mbele ukae naye, naye akakukatalia. "Mbele ni kazini," akasema. "Mwenye gari hukaa nyuma, kushoto." Tangu siku hiyo kila Desemba tulikwenda nyumbani hivyo: Baba na shati lake jeupe mbele, wewe nyuma kushoto kama mke wa waziri, na sisi watoto tumebanana kwenye nafasi iliyobaki tukikatazwa kugusa mbao za dashibodi. Ndiyo maana ukaliita Mheshimiwa. Baba alicheka, lakini jina lilimfurahisha, nilijua.

Alipokufa, Mheshimiwa alibaki juu ya mawe kando ya nyumba, amefunikwa turubai. Injini ilikuwa imenyamaza, kutu ikawa inapanda kutoka chini. Halafu likaja lile tangazo kwamba magari yasiyotembea yaondolewe kati ya nyumba. Nilipokuambia, ukasema, "Uza. Lakini umuuzie mtu atakayelitembeza." Hilo tu. Rhoda akalipiga picha, akalitangaza mtandaoni kwa simu: gari la kifahari la zamani, linafaa kufufuliwa.

Wa kwanza kuja walikuwa watu wa vyuma. Walitaka kulikata pale pale walipime kwa kilo. Niliwafukuza na matusi ambayo sitayaandika kwenye barua ya mzazi. Baadaye akaja Bwana Mathenge. Ni mzee mstaafu, mpole, anayenunua magari ya zamani na kuyarudisha jinsi yalivyozaliwa. Mama, ungemwona! Alilizunguka gari bila kuligusa. Halafu akafungua mlango wa nyuma, akaingiza kichwa, akanusa ngozi ya viti, akacheka peke yake. Akaniambia ameona mengi, lakini hili lina kila kitu chake. "Hata uchakavu wake ni wake mwenyewe," akasema.

Nikamweleza habari zako na kile kiti cha kushoto. Haki ya Mungu sikumwomba lolote. Ni yeye aliyesema, "Likipona, nitaliendesha mwenyewe mpaka kwenu Vihiga, mama aketi kiti chake." Ndipo tukakupigia, ukapiga vigelegele hata akaisogeza simu mbali na sikio. Alikuwa na safari ya kumwona mwanawe, akasema akirudi atakuja na lori kulichukua. Hakutuambia tusiliguse. Kwa nini aseme? Anayenunua nyumba hamwambii mwenyewe asing'oe milango.

Na wewe jioni ile ukasema neno la kwetu, kwamba hatumtoi mtu nyumbani na nguo chafu. Bibi harusi, mtoto anayekwenda shule, hata marehemu, huoshwa kwanza. "Muosheni," ukasema. Mama, naomba usilichukue neno hilo ulibebe. Ulisema muosheni. Ndoo ya maji na sabuni ingetosha. Ni sisi mafundi tuliojiona tunajua.

Unamkumbuka Ouma, fundi wa rangi, ambaye Baba alimpeleka mamake hospitali usiku ule na Mheshimiwa? Nilipomwambia gari linaondoka, aliacha kazi ya mteja katikati. "Huyu mzee alikuwa wetu," akasema. "Gari yake haiendi hivi hivi kama ya chokoraa." Akawaita wengine. Hakuna aliyetaka malipo. Mwenye kuchomelea akaja, mwenye kunyoosha bodi akaja, na mimi nikaleta cherehani. Na unajua kazi yetu ilivyo, kwetu Shauri Moyo gari kuukuu haliuzwi likiwa kuukuu. Unaziba, unapaka, unavika viti, mteja anaona kitu kipya, anafurahi. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo tunavyokula.

Ouma na wenzake wakakata sehemu zote zenye kutu, wakachomelea mabati ya pipa, wakajaza fila, ule udongo wa kukanda tunaozibia mashimo. Wakapiga msasa mpaka ile rangi ya chai ikaisha kabisa. Wakapaka nyeusi, nyeusi ya kung'aa, kwa sababu Ouma alisema mheshimiwa havai rangi nyingine. Mbao za dashibodi zilikuwa na nyufa, tukazing'oa, tukaweka plastiki mpya. Na viti, Mama, viti ni mimi. Niliivua ile ngozi kwa mikono yangu hii, nikaishangaa ilivyoshonwa, sindano iliyokwenda sawasawa kama mstari wa daftari, na bado nikaivua. Nikashona vifuniko vipya, vyekundu, vyenye vifungo. Hicho cha kushoto nilikishona mwisho. Nilishona na kufumua na kushona tena mpaka Rhoda akaniuliza kama nakula au nimeoa viti. Nilikuwa nashona nikikuona wewe umekaa juu yake. Sijawahi kushona kiti kizuri vile, na sitashona tena.

Siku Bwana Mathenge aliporudi na lori tulikuwa tumejipanga kama kwaya. Ouma akavuta turubai kwa madaha. "Mzee, cheki hiyo rangi! Unaweza nyoa ndevu hapo!"

Bwana Mathenge alisimama pale mpaka nikadhani furaha imemzidi. Halafu akatoa sumaku ndogo mfukoni, akaiweka kwenye mlango. Ikaanguka, maana sumaku haishiki fila. Akaiweka kwenye bodi ya nyuma, ikaanguka tena. Akaweka juu, karibu na dirisha, hapo ikashika. Akafungua mlango, akaona viti vyangu vyekundu, akaufunga polepole. Akaniuliza, "Ngozi iko wapi?"

Nikamwambia nimempa fundi viatu pale Gikomba.

"Na mbao?"

Mbao alikuwa amezichukua mama wa uji. Tulikwenda kwake, mimi na Bwana Mathenge, tukiruka matope. Mama wa uji akatuambia zilikuwa kavu, ziliwaka vizuri sana, na kama tunazo nyingine tumletee. Fundi viatu naye alikuwa ameshaigeuza ngozi kandambili, jozi kwa jozi, na watu wameshazinunua wamekwenda nazo.

Tuliporudi yule mzee aliketi kwenye ngazi ya mlango wetu, palepale Baba alipopenda kufunga viatu. Rhoda akamletea chai. Hakunikaripia, na heri angenikaripia! Alisema tu, "Kijana, nilikuja kuchukua mgonjwa, mmenipa maiti aliyepakwa poda."

Ouma akapandwa na hasira. "Maiti gani? Sisi tumefanya kazi safi, tena bure!" Nikamshika mkono, lakini hata mimi nilikuwa nimewaka. Nikamwambia Bwana Mathenge, kwa sauti ambayo Baba angeniambia niishushe, kwamba sisi si wajinga, na kama ameona kasoro kwenye kazi yetu aseme bei anayotaka. Akanitazama kwa huruma. Akasema bei si kitu. Akanieleza kwamba vile vitu vya zamani ndivyo alivyokuwa anavinunua. Bodi ile iliyokatwa hairudi, na rangi ya kiwandani hairudi, na ngozi ile hakuna anayeitengeneza tena. Akasema kazi yetu ni nzuri kwa gari jingine lolote. Hapo ndipo nilipoelewa, Mama. Kumbe kila siku niliyokuwa namrembesha nilikuwa namuua.

Akafikiri, akasema analo jingine la aina ile ile nyumbani kwake, linalongoja injini na vioo. Angelichukua la Baba alipasue kwa vipuri. Kama nisingekubali, wale wa vyuma walikuwa wameshaanza kupitapita tena, na muda wa tangazo ulikuwa umekwisha. Nikakubali. Nilimuuliza ile safari ya Vihiga, ingawa jibu nililijua. Akasema, "Lile jingine ni gari la mtu mwingine. Siwezi kumdanganya mama yako kwamba ni la mumewe." Nilimheshimu kwa neno hilo, japo liliniuma.

Lori lilipomvuta Mheshimiwa, majirani wote walitoka. Hawakujua lolote. Waliona gari jeusi linang'aa, wakapiga makofi, akina mama wakaimba zile nyimbo za kumsindikiza bibi harusi. Watoto wangu walikimbia nyuma yake mpaka Jogoo Road. Nami nilipiga makofi, Mama. Ningefanyaje? Nilipiga makofi na machozi yakinitoka, na jirani mmoja akanipiga bega, akasema usilie, gari limepata mwenyewe.

Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wangu amehamia nyumbani. Nikikaa kwenye cherehani nafikiria ngozi ile. Mteja akija na gari la zamani namwambia, "Acha kwanza tuongee," na Ouma ananiona nimekuwa mwoga. Naye mwenyewe hajawa sawa. Jana alikuja akakaa, akaniuliza, "Kefa, mzee wako angetucheka ama angetupiga?" Nilimwambia angetupiga kwanza. Lakini sijui. Nadhani angesema tu "sawa," kwa ile sauti yake ya kazini, na hiyo ndiyo ingeniumiza zaidi ya fimbo.

Naweka salamu hapa, maana bado kuna neno moja na sijui kama nitaweza kuandika salamu baada yake. Msalimie Esta dada yangu, anayebeba mzigo wa nyumba ile bila kulalamika. Msalimie Baba mdogo, mdogo wake marehemu, mwambie asinikasirikie mpaka anisikie kwa mdomo wangu. Msalimie Shangazi, yule wa mlimani, na mumewe. Na akina mama wa kanisa unaoimba nao, ambao najua umeshawaambia habari za gari. Waambie kosa ni la mwanao, wasikuhurumie kupita kiasi, najua hupendi.

Neno lenyewe ni hili. Esta ameniambia kwamba umeita vijana waje Jumamosi wang'oe ule ua wa upande wa barabara, ule mliopanda na Baba mlipohamia hapo, ili lango liwe pana na Mheshimiwa aingie mpaka mlangoni bila kukwaruzwa. Mama, waambie vijana wasije. Uache ua wako. Hakuna gari linalokuja. Nakuja mimi tu, kwa miguu kutoka lami, na lango lililopo linanitosha.

Mwanao aliyekukosea,

Kefa