Mche Uliobaki Kwenye Kreti

Nyeri,
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao Mghoi. Goti lako linasemaje na baridi ya huko Wundanyi? Na yule ng'ombe, amezaa au bado anatuzungusha? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu wewe husema "sawa, sawa" hata kama hujasikia neno, na hili nataka ulisikie lote.

Unaujua woga wangu. Wewe mwenyewe hupenda kuwaambia watu kwamba nilikuwa naogopa hata kuku aliyeatamia. Lakini niliyoyaona Alhamisi iliyopita ni mengine, Mama. Hadi sasa ninapoandika, mlango ukigongwa nashtuka.

Nilikueleza kwamba katika hii nyumba ya wazee wahudumu ni wawili tu, mimi na msimamizi. Wazee wetu wote ni akina mama, na kwa kuwa huku nyanya huitwa Cucu, nami nawaita hivyo hivyo. Mvua za masika zikianza hupelekwa kwenye bustani moja ya umma huko juu, mahali mashamba ya chai yanapokwisha na msitu wa Mlima Kenya unapoanza. Watu huenda kutazama mbega na ndege, wakatembea chini ya miti iliyopigiliwa vibao vya majina, na msimu huu kila mgeni hupanda mche wake. Walikuwa wamejiandaa wiki nzima. Cucu Muthoni, mkubwa wa wote, alivaa viatu vya kanisani. Tukamwambia kuna matope, akasema matope ameyajua kabla sisi hatujazaliwa.

Sasa nikwambie habari ya Cucu Nyambura, maana barua hii ni yake. Ametoka Endarasha, mwembamba, mpole, na kumbukumbu imeanza kumtoka. Tukitembea hushika ncha ya sweta yangu. Kila asubuhi huniuliza mimi ni binti ya nani. Namtajia jina lako, naye husema, "Msalimie sana." Basi una salamu zake nyingi huku ambazo sijakuletea.

Tulifika saa nne hivi. Mtunza bustani, mzee mmoja aitwaye Gitonga, alitupokea langoni na kreti ya miche. Alikuwa ameihesabu mbele ya msimamizi, mmoja kwa kila Cucu, maana miche ni michache na wageni ni wengi. Akatuonya tusitawanyike. Alisema ndovu walivunja ua wa msitu juma lililopita, na tangu siku hiyo kuna nyati dume mzee anayejiingilia bustanini anavyotaka. Nikasogea nyuma yake pale pale. Cucu Muthoni akacheka, akasema nyati mzee ni kama mume mzee, usipomsemesha hana neno.

Nisikudanganye, bustani ni nzuri. Mbega walikuwa juu ya mierezi na mikia yao myeupe, wakitudondoshea matunda. Akina Cucu walibishana na vibao. Kwenye mzeituni mwitu kibao kilieleza matumizi mawili, wao wakataja mengine mengi, wakamwambia Gitonga aongeze. Nilisahau nyati kabisa.

Tulipokaribia mahali pa kupanda, njia ilianza kuteremka na Cucu Nyambura akachoka. Palikuwa na benchi chini ya mti. Nikamketisha, nikamfunika shali, nikamwambia, "Nisubiri hapa, narudi sasa hivi." Kisha nikakimbia kumshika Cucu Muthoni, ambaye viatu vyake vya kanisani vilikuwa vimeanza kuteleza. Mama, nilimsahau. Sina neno lingine la kuweka hapo. Nilishika jembe, nikachimba, nikafukia, nikacheka nao, na mwenzao mmoja ameketi peke yake huko juu.

Ukungu ukashuka ghafla, kisha mvua. Tulirudi juu mbiombio, kila mtu na njia yake, wengine huku na wengine kule, hadi kwenye magari. Gari la msimamizi lilitangulia na wale waliokuwa wakitetemeka zaidi. Mimi nikabaki na basi dogo la kanisa. Walipokwisha kupanda nilinyoosha kidole, nikaanza kuhesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne. Cucu Muthoni akanipiga mkono.

"Usituhesabu, msichana. Sisi watu hawahesabiwangi. Hata mbuzi hatuhesabu. Ukihesabu, mmoja anapotea."

Wenzake wakaitikia kwamba ndivyo. Nami, unavyonijua, nikashusha kidole upesi. Ni wazee, hayo ni ya kwao, na mgeni hufuata ya mwenyeji. Nikajiambia wengine wako kwenye gari la mbele. Dereva akawasha injini.

Hapo Gitonga akatokea kwenye ukungu akiwa na kreti mkononi. Ndani ulikuwa umebaki mche mmoja, umelala.

"Mmoja wenu hajapanda," akasema.

Nilimpigia simu msimamizi nikamwuliza kama Cucu Nyambura yuko kwake, ingawa jibu nilikuwa nalo tayari. Niliruka nje ya gari kabla hajamaliza kusema.

Tulirudi kwa njia ile ile mimi na Gitonga. Ukungu ulikuwa mzito, mti wa tatu hauonekani. Nilikuwa nikiita "Cucu! Cucu!" na sauti yangu ikinirudia kama ya mtoto. Tulilikuta benchi. Lilikuwa tupu. Mkongojo wake ulikuwa umeegemezwa pembeni, na mbele yake matope yalikuwa yamekanyagwa kwa kwato pana, maji bado yakijaa ndani ya nyayo. Gitonga akanishika mkono akanionyesha ninyamaze. Nikasikia harufu ya zizi, Mama, harufu ile ile ya zizi letu wakati wa mvua, nikajua kwamba nimemuua bibi wa watu.

Kisha nikamwona nyati. Alikuwa ng'ambo ya benchi, hatua chache tu, mweusi, maji yakimchuruzika pembeni mwa pembe, anatutazama. Sala haikunijia. Lililonijia ni jina lako. Tulisimama hivyo sijui muda gani. Mwishowe alipumua kwa nguvu, akageuka, akaingia kwenye mianzi, nasi tukasikia ikivunjika mbali, mbali zaidi.

Nyuma ya shina la mwerezi ulioanguka kitu kikatikisika. Alikuwa amechuchumaa na shali kichwani, kidole mdomoni. Alinisikia nikimwita muda wote na hakuitika, kwa sababu nyati alikuwa kati yetu. Mtu ambaye hakumbuki mimi ni binti ya nani alikumbuka hilo. Nilimkumbatia nikalia. Yeye hakulia.

"Si uliniambia nikungoje?" akasema. "Mbogo alikuja, nikamwachia kiti. Lakini nimekungoja."

Garini Cucu Muthoni alimvika Cucu Nyambura koti lake, kisha akanitazama na kusema taratibu kwamba siku nyingine nihesabu miche kwanza. Hadi leo najiuliza kama kilichomponza mwenzao ni kuhesabu kwangu au kutohesabu. Usiku ule nilimwambia msimamizi ukweli, kwamba ni mimi niliyemwacha. Hajasema atafanya nini. Nasubiri, na naogopa, ila naogopa kidogo kuliko pale kwenye benchi. Mche wa Cucu Nyambura tumeupanda nyuma ya jikoni, na kila asubuhi anauliza ni wa nani.

Nisalimie mjomba Mwadime, mwambie ile dawa ya mifugo nitaituma na basi. Nisalimie jirani yetu Mkamburi na wanawe, na shangazi wa kule bondeni, kama bado amenuna mwambie namkumbuka pia.

Mama, kuna jambo moja. Nilipoondoka hapo nyumbani nilikuambia, "Nisubiri, Krismasi nitakuja." Krismasi mbili zimeshapita. Najua huniambii goti likizidi, wala usiku ukisikia kitu uani, kwa sababu nilikuambia unisubiri na wewe ni mtu wa kusubiri kimya. Basi kila asubuhi ukiamka, toa ile sufuria nyekundu uiweke juu ya tangi la maji, mahali Mkamburi anaiona akikama. Jioni uirudishe ndani. Nimeshaongea naye, asipoiona atakuja mlangoni kwako. Nitampigia kila siku saa moja asubuhi, na sitamwuliza habari nyingine, nitamwuliza tu kama sufuria imetoka.

Na Agosti nakuja, hata nikija bila kazi.

Ni mimi binti yako, ninayekushika ncha ya sweta kutoka huku mbali,

Mghoi