Mkeka Kwenye Friza la Samaki

Jumanne, 8 Aprili

Majarida ya mtandaoni yamegoma tena. Wanafunzi wanasema paswedi mbovu. Sio paswedi — usajili umekwisha, na ofisi ya fedha "wanalishughulikia". Wamejaa mezani kwangu hapa maktaba ya chuo kama vile mimi ndiye niliyefunga mlango. Kisha mwalimu mmoja wa historia akaja kuulizia makala fulani kuhusu Kariakoo. Naitafuta, naiona — kaiandika mwenyewe! Kaichapisha ng'ambo, nakala yake imekufa na kompyuta, na sasa jarida linamtaka alipie kusoma maneno yake. Tumecheka wote wawili. Kicheko cha aina gani, sijui.

Nimenuna hadi saa sita. Simu ikaita. Mwanaume, anajiita Hussam, ana duka la mapazia Mtaa wa Sikukuu. Anasema marehemu baba yake, mzee Ghassan, ndiye aliyekuwa akichapa jarida la Mkeka zamani. Je, sisi wa maktaba tunalijua?

Tunalijua! Tunayo matoleo matatu tu, moja halina jalada. Watafiti wananiulizia Mkeka kila mwaka, nami kila mwaka nawaambia halipo, halipo popote. Na Hussam, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeuza pazia: yapo yote, yako stoo ya juu. Nyumba inabomolewa, wanajenga ghorofa. Kama tunayataka, twende.

Nimemwambia Beno wa kompyuta. "Mkeka? Mkeka wa kubeti?" Nimempiga na faili. Vijana hawa!

Ya Rabi, asante kwa simu zinazoita siku mbaya.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeenda. Kariakoo kama kawaida — mtu unapita bega kwa bega na marobota. Nyumba iko nyuma ya duka, ya ghorofa moja, ngazi za mbao zinalia. Sijawahi kupita mtaa ule nikajua kuna nyumba ya namna hiyo pale nyuma.

Mjane wa mzee Ghassan, Bi Moza, alikuwa amekaa kizingitini ananisubiri. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa vitabu? Mbona mwembamba hivi?" Kahawa, halua, na maswali: kwetu wapi, baba nani, nimeolewa? Nikajibu yote. Ndipo akatoa ufunguo.

Stoo nzima! Maboksi hadi darini. Mkeka wa miaka yote, tangu toleo la kwanza. Nimekaa chini kwenye vumbi kama mtoto. Barua za wasomaji, kina mama wa Ilala na Gerezani wanagombana kuhusu maandishi ya khanga. Mashairi ya harusi. Kocha anajitetea kwa nini wamefungwa. Picha za soko kuu lilipokuwa jipya, watu wamesimama mbele yake wamevaa vizuri kama wako Idi. Vitu ambavyo hakuna mtu amewahi kuviandika katika kitabu cha chuo.

Safu ya ushauri, "Shangazi", aliiandika Bi Moza mwenyewe. Anasema mumewe alipanga herufi, yeye alipanga ndoa za watu.

Hussam akanieleza lingine. Chuo kimoja cha ng'ambo kimeshamwandikia. Wanayataka yote. Wana vyumba vya baridi, wana mitambo. Mama yake alikataa: "Nikitaka kusoma nikapande ndege?" Ila Hussam bado anafikiria, nimemwona. Simlaumu. Bi Moza akaniuliza, "Na nyie mtayaweka wapi?" Nikanywa kahawa. Dari yetu inavuja upande wa tasnifu, na mchwa wameshakula rafu ya sheria. Sikudanganya. Nikasema, "Mama, nitatafuta."

Ijumaa, 11 Aprili

Dk. Severa, mkuu wetu wa maktaba. Nilijiandaa kwa vita. Alinisikiliza akiwa amefumba macho. "Siti, mama, hata tasnifu zenyewe ziko chooni." Kweli — tangu dari ivuje tumezihamishia choo cha zamani, lakini choo. Na uongozi wanataka chumba cha magazeti kiwe maabara ya kompyuta.

Halafu akainuka, akafungua mlango wa chumba kidogo cha ndani ya ofisi yake, anakoweka viatu vyake na birika la chai. "Hiki hakivuji," akasema. Basi.

Nilitaka kumkumbatia. Mtu mkubwa yule! Nikabeba birika lake hadi mezani kwangu.

Kuhamisha Jumatatu. Hussam amekubali yakae kwetu kwa sasa.

Jumapili, 13 Aprili

Naandika usiku.

Mvua ilianza jana jioni, haijakata. Asubuhi Hussam kapiga, sauti imepanda: mafundi walikuja jana kuezua mabati! Waliambiwa wiki ijayo, wakaja jana. Upande wa stoo uko wazi.

Nimekimbia na kandambili. Nimemkuta Bi Moza juu, amelowa chapachapa, ametandaza khanga zake zote juu ya maboksi — za doti, za harusi, zote. Anazishikilia kwa mikono miwili kana kwamba upepo utamwibia mtoto. Hussam anamwambia, mama shuka, utaugua. Hashuki.

Yaliyo chini yamepona kwa sehemu. Ya juu yamekuwa uji. Na hizi karatasi za kung'aa zikilowa zinagandana, ukisubiri zikauke ndiyo basi, jiwe. Kwa joto la Dar, siku mbili tu ukungu umeshaota. Kwenye semina moja tuliwahi kufundishwa: ukishindwa kukausha kwa wakati, gandisha. Barafu inasimamisha kila kitu. Kisha unayatoa kidogo kidogo, unakausha kwa nafasi.

Gandisha wapi? Friza la kantini yetu limejaa nyama, na Jumapili limefungwa. Nikasimama pale kwenye ngazi, maji yanapita miguuni, nikamkumbuka Mrisho. Jirani yangu Ilala, anauza samaki kwa jumla pale Feri, Magogoni, ana chumba chake cha barafu.

Nikampigia. "Dada Siti, unataka kugandisha nini? Magazeti?" Akacheka sana. Nikaanza kulia — nilijiaibisha, lakini ndivyo ilivyokuwa. Akaacha kucheka. "Leteni. Njooni na kigari cha kirikuu, mlango wa nyuma."

Majirani wa Hussam walifunga maduka yao kuja kubeba. Muuza ndoo kaleta mifuko ya nailoni, boksi zima. Tukafunga mafungu madogo madogo, nailoni juu ya nailoni, isiingie harufu. Mpemba wa viungo, msichana wa simu, fundi mmoja wa wale wale walioezua, amejaa aibu, kabeba kuliko wote.

Feri, Mrisho alikuwa ameshahamisha pweza kwa jirani yake. Ametupa upande mzima. Nikamuuliza nimlipe nini. "Ukipata lenye mapishi ya mama yangu utanisomea. Aliandika humo, marehemu. Alikuwa anatamba sana."

Sijui niwashukuru vipi watu hawa. Nimeswali Isha nimekaa kwa uchovu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nanuka samaki. Nimeoga na limau.

Dk. Severa: "Maboksi yako wapi?" "Feri." "Feri wapi?" "Kwenye barafu. Kati ya changu na kamba." Akacheka hadi akatoa leso. Kisha akakaa, akasema tumefanya sawasawa, na angeona aibu kama tungekaa kusubiri kibali.

Jumatano, 16 Aprili

Fungu la kwanza! Limeyeyuka polepole kwenye meza yetu, feni tatu, karatasi nyeupe za magazeti katikati, tumepewa bure na wachapaji wa Gerezani. Niliingiza upande wa kisu cha siagi, nikavuta pumzi — kurasa zikaachana! Moja, nyingine. Wino umetulia. Nikamwita Beno, akaja mbio, akaniona nimekaa na ukurasa mmoja kiganjani kama kifaranga.

Sio yote. Majalada ya rangi yamekuwa tofali. Picha ya soko kuu niliyoipenda imekwenda. Niliilia kidogo, nikaendelea.

Beno ametengeneza kibao cha mbao, simu yake inakaa juu, anapiga picha kila ukurasa ulio mkavu. Hajataja kubeti tena. Anasoma "Shangazi" kwa sauti, anajifunza mapenzi.

Alhamisi, 17 Aprili

Barua pepe kutoka kule ng'ambo. Hussam amewaambia habari za mvua. Ni ya heshima sana, sitawasema vibaya. Watagharamia usafiri, watakausha kwa mitambo, hawatapoteza hata picha moja. Lakini nakala za asili zitabaki kwao. Na picha za kurasa zitakaa kwenye tovuti yao, ile ile ya kulipia usajili; sisi tutaingia bure kwa muda, baadaye "tutajadiliana".

Nimeisoma mara mbili. Nimemwona tena kichwani yule mwalimu wa historia akilipia maneno yake mwenyewe.

Hussam kaja kuchukua maoni yetu. Hana kiburi, mtu mwema. "Dada Siti, baba alihangaika na lile jarida mpaka likamuua. Nataka lidumu. Nyie mna feni na kisu cha siagi." Kasema kweli. Nikamwambia mengine yameoza, yale ya rangi tumeshindwa, na mvua bado zipo. Nikamwambia pia kwamba jana msichana wa mwaka wa pili aliona jina la bibi yake kwenye barua za wasomaji, akapiga kelele maktaba nzima ikageuka.

Akatazama feni. "Mwamuzi ni mama."

Jumamosi, 19 Aprili

Bi Moza kaja maktaba! Lifti mbovu, kapanda ngazi kwa kupumzika, anamsalimia kila anayemkuta. Hajawahi kuingia chuo. Baibui jipya, manukato, kama anayekwenda kuposa.

Nilimwekea yaliyokauka. Akagusa. "Yamekunjamana kama mimi." Akatafuta Shangazi, akasoma kimya, akaguna. "Huyu nilimshauri vibaya. Heri angeachika." Tukacheka hadi msimamizi wa chumba cha kusomea akatunyamazisha.

Kabla ya kuondoka kaninong'oneza: anaogopa. Akisema yabaki na yakaoza, mwanawe atamnunia hadi kaburini. Akisema yaende, yeye mwenyewe atajinunia. Nikamshika mkono. Sikumshawishi. Nilitaka, Mungu anajua nilivyotaka!

Jumatatu, 21 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Chuo kimefungwa, Dk. Severa katoka kanisani akapitia hapa maktabani na pilau, tukakausha fungu lingine mimi na yeye. Umeme ulikatika Feri mchana. Mrisho amewasha jenereta, kanipigia nisihangaike. Ila kasema mzigo wa jodari unakuja, nafasi ataihitaji wiki hii. Hajanifukuza. Ameniomba kwa upole, na upole wake ndio unaonikosesha usingizi.

Nimeipata ile ya mama yake. Biriani ya samaki, na maneno makali kuhusu wanaoweka nyanya nyingi. Nimemsomea kwenye simu. Akasema: "Soma tena hapo kwenye nyanya."

Jumanne, 22 Aprili

Naandika pembeni ya meza ya mkutano, kwa siri kidogo.

Tupo wote: Bi Moza, Hussam, Dk. Severa, Beno kwenye mitambo. Kwenye skrini mama mmoja wa kule ng'ambo, ana miwani, ana huruma usoni. Alieleza vizuri. Nikatafsiri kila neno, sikuongeza, sikupunguza. Hussam anatikisa kichwa, anakubali.

Bi Moza akaniambia: "Muulize. Mtoto wa Ilala akitaka kusoma barua ya bibi yake, atapiga hodi kwa nani?"

Nikauliza. Yule mama akaangalia karatasi zake. Akavua miwani. Akasema ni swali zuri, na hana ruhusa ya kulijibu. Aongee na wakubwa wake, dakika chache tu. Skrini ikawa nyeusi.

Bi Moza akavuta toleo moja kavu, akavua viatu, akaanza kusoma. Kwa sauti, kama walivyokuwa wanasoma zamani, mmoja anasoma na mtaa unasikiliza. Barua ya mwanamke wa Gerezani anayelalamika mumewe anakoroma. Anaigiza na kukoroma! Beno yuko chini anacheka. Dk. Severa amegeuza simu yake kifudifudi. Wanafunzi wamejaa mlangoni, hakuna aliyewaita.

Hussam ameinamisha kichwa. Nilidhani amekasirika. Mabega yanamtikisika — anacheka, au analia, siwezi kujua kutoka hapa.

Skrini inaita. Wamerudi. Beno ananitazama, anyooshe mkono aibonyeze?

Bi Moza ameinua kidole bila kuinua macho. Ngojeni. Huyu mke wa Gerezani hajamaliza kumsema mumewe —