Mzigo Aliotuachia Mgeni

Isevya, Tabora
9 Agosti 1973

Kwa dada yangu mpendwa Kuluthumu,

Assalaam alaykum. Shikamoo dada. Natumai barua hii itawakuta wazima huko Igunga, wewe na shemeji Shaban, pamoja na ng'ombe wake anaowapenda kuliko mashemeji zake. Mguu wako je, umepona? Mchele uliotutumia kwa lori ulifika salama, tunaula na kukuombea dua. Binti yako Tatu hajambo, anashona vizuri, na baridi ya mwaka huu haikumkohoza kama ya mwaka jana.

Dada, mara mbili umeniuliza kwa nini Tatu anawarudisha washenga wa Lukumani, fundi cherehani, kijana ambaye hata wewe humwoni doa. Nikakujibu kwamba msichana hajawa tayari. Lile halikuwa jibu. Jumapili hii washenga wanakuja kwa mara ya tatu, na wamesema hawatarudi tena.

Utakumbuka nilikugusia mwaka jana, wakati wa kipupwe, habari za mzungu aliyekuja na mzigo. Niliandika mistari miwili tu kwa sababu maneno yalinipotea. Aliingia mjini saa nne asubuhi kwa miguu, kwa njia ile ya misafara ya zamani, makatambuga miguuni, vumbi mpaka kwenye nyusi, na begani mzigo uliofungwa kwa turubai na kamba ya katani. Mzungu, dada, amebeba mzigo wake mwenyewe! Wanawake waliacha kununua, wanaume wakatoka madukani kumtazama. Mimi na wewe tumekuzwa na habari za babu Ngollo, aliyebeba pembe za watu hadi pwani akarudi na sugu begani, na bibi akamkubali kwa sababu ya sugu ile. Kwetu mwanamume aliyebeba mzigo safari ndefu hahitaji wa kumsifia. Nilipomwona mwili ulinisisimka, na nisikufiche, hata leo nikikumbuka unanisisimka.

Alisema anaitwa Yusufu, na kwamba anatembea kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ili kuwapa wapagazi heshima waliyonyimwa. Wazee wote aliwaamkia shikamoo. Balozi wetu wa nyumba kumi alimwita ndugu, naye mgeni akamweleza kuwa kwao ameacha nyumba na gari, amechoka kuishi kwa jasho la wengine. Alivaa kofia, akafunga Alhamisi mbili pamoja nasi. Mtu kama huyo utamwachaje alale nyumba ya wageni? Nilimpa chumba cha mbele, akakaa wiki tatu. Nilikuwa natembea naye sokoni nimetanua kifua, utadhani mimi ndiye niliyetoka naye Bagamoyo.

Siku ya pili aliomba mafuta ya kupaka bega, na Tatu ndiye aliyempelekea. Akamwambia hana mke, kwamba wanawake wa kwao humcheka mwanamume anayebeba mzigo, na kwamba yeye Tatu ndiye wa kwanza kulitazama bega lake bila kucheka. Nilikuwa karibu, nikasikia, nikaona ni maneno mazuri. Kabla wiki tatu hazijaisha Tatu alimhesabu mchumba wake, akampokea kama mume. Hayo ameniambia leo. Mimi mlezi wake nilipaswa kuyaona wakati ule, lakini macho yangu yalikuwa kwa mgeni.

Siku ya kuondoka alisema atarudi baada ya miezi minne kuleta posa, na kwamba mzigo wake anatuachia uwe amana na shahidi wake. Nasi amana ya mtu hatuifungui. Miezi kumi na minne sasa Tatu ameutunza chini ya dirisha, anaupangusa kila Ijumaa.

Mwezi uliopita nilikwenda Puge kumzika rafiki yangu Damas. Katika nyumba ya jirani, nilikopewa maji ya kunywa, niliona juu ya kabati, chini ya msalaba, mzigo mwingine wenye turubai lile lile na kamba ile ile. Binti wa nyumba, Apolinaria, aliniambia kwa fahari kuwa ni amana ya mchumba wake Yosefu, mgane wa Kizungu anayebeba mzigo wake mwenyewe, aliyesali nao rozari kila jioni, akaondoka kuelekea Tabora. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi sita. Baba yake akaongeza, kwa mshangao kama wangu wa mwaka jana, kuwa alimwona akishuka kwenye Landrova kwenye kona kabla ya kijiji, akadhani dereva alimwonea huruma.

Sasa nifike panaponiuma. Siku ile ya kuondoka, mimi ndiye niliyeuingiza mzigo ndani. Niliuinua nikahisi nimeinua mto wa kulalia. Ulibonyea mikononi, sufi tupu. Nilimtazama yule bwana, naye akaniambia taratibu, "Ndugu Nassibu, watu wanapenda kuona uzito." Tatu alikuwa amesimama mlangoni. Nami, badala ya kuutupa chini, niliinama. Niliinama, nikaguna, nikapepesuka kidogo kizingitini, nikautua polepole kama gunia la mchele wako. Kisha nikamkataza Tatu asije akauinua, utamvunja mgongo. Sikuhongwa kitu, dada. Nilikuwa nimetembea naye sokoni wiki tatu, na niliogopa kuchekwa. Nikajiambia ni majivuno ya Kizungu tu, hayamdhuru mtu.

Leo asubuhi nilimwomba Tatu aniletee mzigo ule barazani. Alisita. Kisha akachuchumaa, akaukumbatia, akajikaza kama anayejitwisha mtungi wa maji, nusura aanguke chali. Akasimama ameushika kwa mkono mmoja. Nilidhani atamlilia yule mtu. Alinitazama mimi, akasema:

"Mjomba, siku ile wewe uliinama."

Nilimweleza yote, na ya Puge, naye akanieleza yake bila kuficha uso. Dada, nilimstaajabia mtu aliyebeba sufi, kumbe nyumbani mwangu kulikuwa na binti anayebeba mzigo wa kweli, wala hakuwahi kuguna. Amesema atamweleza Lukumani mambo yote kwa kinywa chake kabla ya Jumapili, na Lukumani akitaka kuondoka aondoke. Amesema pia kwamba siku hiyo wa kumsemea utakuwa wewe, si mimi. Barua hii ameisoma kabla sijaifunga. Mahali nilipoandika kwamba niliinama mara moja, akaniambia niandike mara mbili.

Dereva wa lori anaondoka mchana huu, nami nampa barua mkononi. Tafadhali panda basi la Jumamosi. Nisalimie shemeji na majirani wote. Tatu anakuamkia, na amekwisha kukufagilia chumba cha mbele. Nikikufungulia mlango usinipe mkono kwanza, mkumbatie yeye.

Mimi mdogo wako,
Nassibu