Siku Rehema Alipotaka Kupimwa Hadharani

Ijumaa, Kaliua. Saa nane mchana, umeme umekatika, feni imesimama, na mimi nimeshindwa kulala.

Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi ya habari. Kwa kawaida narudi nyumba ya wageni, naandika, najinyoosha. Leo nazunguka chumba kama niliyepewa cheo. Nina furaha, na nataka niandike mambo yalivyokuwa kabla sijaanza kuyapamba.

Nilikuja kusikiliza kikao cha nasaha cha wanawake wanaouza ngono karibu na stesheni. Hufanyika asubuhi uani pa baa moja, wanawake wakinyonyoa kuku wa kupikwa siku hiyo. Anayekiendesha ni muuguzi, nitamwita Sista Vero. Majina yote humu nimebadilisha.

Sista ni binti wa mchungaji, lakini hahubiri. Humuuliza kila mmoja: hadi tukutane tena, ni hatua gani moja utakayoiweza? Mmoja alisema hatalewa kabla ya kuingia chumbani na mteja. Mwingine atatembea na kondomu zake, asingoje za mwanamume. Sista anaandika, anaendelea.

Zamu ya Rehema ilipofika, alisema hana hatua, ana kesi.

Alikuwa anakunywa dawa kinga, kidonge kimoja kila siku, ambacho hupewa asiye na virusi vya Ukimwi ili asiambukizwe. Kopo lake linafanana na la ARV, dawa za wenye virusi. Masanja, mnunuzi wa asali anayepita hapa kila akitoka Usinge, aliliona mkobani akatangaza baani kwamba Rehema "anatumia," yaani tayari ana virusi. Wateja wakamkimbia. Kwa hasira Rehema akalitupa kopo chooni, sasa ni wiki tatu. Waliobaki ni abiria wa treni ambao hawajasikia, na kwa kuwa ni wachache, hathubutu kumkatalia asiyetaka kondomu.

Yaani uvumi ulikuwa karibu kujigeuza ukweli.

Masanja mwenyewe alikuwa palepale, meza ya mlangoni, anakunywa supu.

"Nipime hapahapa, Sista," Rehema alisema. "Kile kipimo cha mate. Kiweke mezani, huyu mzee wa nyuki akitazame mpaka supu yake ipoe."

Wanawake walicheka. Nakiri: simu ilikuwa tayari mkononi mwangu. Picha ile ingezunguka nchi nzima kabla ya adhuhuri.

"Mbele za watu sikupimi," Sista alisema.

"Mate ni yangu, Sista. Na jina ni langu."

"Ni yako. Ila wewe ukionyesha leo, kesho wataambiwa wote waonyeshe. Atakayekataa, watasema nini juu yake?"

Mwanamke mmoja aliacha kunyonyoa, mikono imebaki kwenye manyoya. Sikumuuliza kitu, na sitamuuliza.

Nilirudisha simu mfukoni.

Rehema aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Kisha akainuka, akaiendea meza ya Masanja. Nilidhani anakwenda kummwagia supu.

"Shemeji, lile kopo lilikuwa la kinga. Lakini hata lingekuwa la kutibu, ningekuwa nimekukosea nini? Anayekunywa dawa yake kila siku anajitunza. Wewe unakunywa nini?"

"Supu," alijibu Masanja.

Kicheko kilichofuata nadhani kilifika hadi stesheni. Yule mwanamke aliyeacha kunyonyoa alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Masanja alijaribu kununa, ikamshinda. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba siku ile aliropoka. Halafu akasogeza bakuli na kumuuliza Sista kwa sauti ya chini kama hata wasafiri hupewa hiyo dawa ya kinga.

"Ukishapimwa," Sista alimwambia. "Panga foleni nyuma ya Rehema. Na ndani mnaingia mmoja mmoja."

Alipanga. Nyuma yake wakapanga wanawake watatu ambao, kwa maelezo ya Sista, walikuwa wakikwepa kipimo tangu mwanzo wa masika.

Rehema alikaa chumbani na Sista karibu nusu saa, mlango umefungwa. Alitoka na kopo mkononi. Hakulitia mkobani. Aliliweka juu ya meza, akaketi, akavuta kuku wake akaendelea kunyonyoa. Kinga au tiba, kwa nje huwezi kujua, na uani hakuna aliyeinua shingo kusoma karatasi ya kopo.

Sijaona habari nzuri kuliko hii mwaka huu, na picha sina hata moja.

Mhariri amepiga mara mbili. Kesho asubuhi nitamtumia maandishi peke yake. Najua atauliza majibu ya kipimo cha Rehema yalikuwaje, na nitamwambia kwamba sikuuliza.