Kondo la Anastazia

Jumatatu, 6 Machi 1995

Wodi ya watoto kwanza, kama kawaida. Wamelala wawili wawili, kichwa miguuni. Malaria, malaria, kuhara, malaria. Dripu zimebaki chache. Nimegombana na mtunza stoo kabla ya chai. Nimeshinda.

Kijana wa mkoani aliyekuja kukagua chanjo ameniuliza mbele ya wauguzi: "Dada, bado uko huku? Hukupata nafasi ya kusomea ubingwa?" Kana kwamba Mpanda ni stesheni, na mimi nilisinzia treni ikaniacha. Wenzangu niliosoma nao ni mabingwa wa macho, wa mifupa, wa mikutano. Nafasi yangu haina shule mbele yake. Ni kazi tu, na baada yake kazi. Nimeanza makala ya kumjibu yeye na wa aina yake. Gazeti moja likikataa nitapeleka kwa lingine. Nina hasira nzuri.

Mchana ameletwa mwanamke kutoka Mishamo, makazi ya wakimbizi wa Burundi, jina lake Anastazia. Baiskeli mpaka barabarani, kisha lori la mahindi, tope njia nzima. Mama mkwe amekuja naye, na sufuria, na mdomo. Mimba imetimia. Tumbo lina umbo nisilolipenda. Mtoto amelala kingamo, juu; nikigusa nahisi kiwiko kama kiko chini ya shuka tu. Anastazia anasema mtoto akicheza, yeye hulia kwa maumivu. Moyo wa mtoto unapiga vizuri. Kesho asubuhi, upasuaji.

Jumanne, 7 Machi

Sijui niandikeje. Basi niandike kwa mpangilio.

Dizeli ya jenereta ilikuwepo. Bwana Usingizi, ndivyo hospitali nzima inavyomwita mtu wetu wa dawa ya usingizi, alimchoma sindano huku akimwimbia wimbo wa kanisani, kama anavyowafanyia wote. Nikachana ngozi. Nikachana ukuta wa tumbo. Nikatafuta mfuko wa uzazi. Haukuwepo pale ulipotakiwa kuwa. Palikuwa na utando mwembamba, na nyuma ya utando, uso.

Uso wa mtu. Macho yamefumba, midomo inanyonya hewa isiyokuwepo.

Mtoto alikuwa nje ya nyumba. Mimba nzima ameikaa katikati ya matumbo ya mama yake. Mfuko wa uzazi niliukuta chini, kwa nyuma, mdogo kama ngumi, mtupu, kama jirani asiyejua lolote.

Nikamtoa. Msichana. Mguu mmoja umepinda kwa kubanwa, nadhani utanyooka. Akalia. Bwana Usingizi akaacha kuimba.

Kisha kondo la nyuma. Limetandaa juu ya utumbo, limeshika kama mizizi ya mkuyu kwenye jiwe. Mkono wangu ulishaikamata kamba ya kitovu. Mkono una mazoea: kazi haijaisha mpaka kondo litoke. Nikauzuia. Nilisoma zamani kwamba kondo la namna hii ukiling'oa, mama anamwaga damu yote mezani. Na benki yangu ya damu ni ndugu watakaokubali kuchomwa. Nikaifunga kamba karibu kabisa na kondo, nikakata, nikamshona Anastazia na kondo lake ndani.

Nimebishana na mapadri, na makatibu wa chama, na maprofesa. Nimesoma vitabu vingi vya miujiza na pembeni mwa kurasa zake nimeandika "uongo". Leo sina la kuandika pembeni. Kila kitu mle ndani kilikuwa na sababu ya kumuua mtoto yule. Hakikumuua. Kilimlisha.

Nina woga, lakini si ule ninaoujua.

Jumatano, 8 Machi

Mama mkwe anataka kondo.

Nilipaswa kulitarajia hili. Kwao kondo hukabidhiwa mama mkwe, naye hulizika nyuma ya nyumba kabla mtoto hajapewa jina. Siku zote tunawapa, kwenye beseni lililofunikwa, bila shida. Safari hii beseni halikuja. Sista Oliva wa wodi ya wazazi alimwambia limebaki ndani. Akacheka.

"Nimezaa tisa, Sista. Kondo halina pa kulala humo. Semeni tu mmeliuza."

"Tumuuzie nani, mama?"

"Nyie mnawajua wateja wenu."

Nikaenda kumweleza mwenyewe, kwa mchoro. Nilichora tumbo, nikachora utumbo, nikachora kondo. Akautazama sana, akasema huo ni muhogo.

Amemtuma dereva wa lori kwa mwanawe: aje awachukue. Bila kondo kuzikwa, anasema, mtoto amezaliwa nusu, na nusu nyingine tumeificha sisi. Anastazia akipandishwa baiskeli sasa, lile kondo likatikiswa mpaka libanduke, atamwaga damu kwa ndani na kufia njiani. Nimewaambia. Nimewaambia tena.

Alhamisi, 9 Machi

Homa imempanda Anastazia. Penisilini. Mvua. Mtoto ananyonya. Nimepita kitandani pale mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nina hasira na kila mtu.

Ijumaa, 10 Machi

Zakaria, mume, amefika na kaka zake, na baiskeli, na machela ya miti. Wapole. Hilo ndilo lililonivunja nguvu. Mtu mpole huwezi kugombana naye. "Samahani, Mama Daktari. Mama ameshasema."

Nikasema na mimi. Nikapaza sauti. Nikataja sayansi, nikataja sheria, nikatishia polisi. Mabishano magumu kuliko haya nimeyashinda, lakini leo kila neno langu liliwafanya wakaze kamba za machela. Wakamkalisha Anastazia. Akaanza kulia bila sauti.

Nikamshika mama mkwe mkono, hakutarajia, nikauweka juu ya tumbo la mkwewe, kando ya bendeji, taratibu.

"Sikia hapa, mama. Hapa pagumu."

Vidole vyake vikazunguka, vikarudi, vikasimama.

"Ndilo lenyewe?"

"Ndilo. Nikilitoa, anakufa. Mkimtikisa, anakufa."

"Litakaa mpaka lini?"

"Mwili utalila polepole. Miezi mingi. Labda zaidi. Sijui, mama."

Mkono haukuondoka.

"Kama udongo," akasema.

Halafu akamgeukia mwanawe. "Wewe Zakaria! Umeona wapi watu wanapakia kaburi kwenye baiskeli? Fungua kamba hizo!"

Jumanne, 14 Machi

Homa imeshuka.

Mama mkwe amekuwa balaa jipya. Amekataza kelele. Amekataza kufagia chini ya kitanda. Leo amenipiga kofi mkononi nilipokuwa nampima Anastazia: "Unabonyeza nini? Hapo pamezikwa." Sista Oliva anataka tumuajiri.

Nikiwa na tumbo lile chini ya kiganja changu nanyamaza. Silijui jambo jingine linaloninyamazisha.

Nimeisoma makala yangu. Kali, imeandikwa vizuri, imejaa mimi. Nimeiweka kwenye droo. Yule kijana atajibiwa, siku yake ipo.

Ijumaa, 31 Machi

Wameondoka leo asubuhi. Anastazia ameketi mbele kwenye lori, mito miwili chini yake. Nimemwagiza aje kila mwezi nimpime. Mama mkwe amejibu kwamba atamleta, na nisije nikasahau mimi.

Kabla ya kutoka wodini, Zakaria alimpa mama yake kitambaa kilichofungwa. Udongo wa nyuma ya nyumba yao. Mama mkwe akanitazama. Hakuamuru, aliomba.

Mimi huwafukuza watu wanaoingia wodini na tope kwenye viatu. Kidonda kimefunga vizuri, hata hivyo nikakifunika kwa bendeji mpya, nyingine juu yake. Anastazia akalala chali, mtoto ubavuni. Mama mkwe akamimina udongo kidogo juu ya bendeji, akausawazisha kwa kiganja, akasema maneno ya Kirundi. Mwishoni akasema Generoza, na mtoto akawa na jina.

Udongo ukaanza kuteleza kila Anastazia alipovuta pumzi. Nikaweka viganja vyangu pembeni, huku na huku, usianguke.